Taji la Majilio la mbao na kijitabu chake: nimelitumia tangu 2022, haya ndio maoni yangu

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Kuna watu wengi wameniuliza kuhusu hili taji la Majilio la mbao tunalowasha nyumbani, yaani duara la mishumaa minne ya kungojea Noeli, kila Jumapili unaongezwa mmoja, wengine waliona picha kwenye status, wengine ni wanajumuiya wenzangu wamelikuta mezani sala ilipofanyika kwetu, sasa naandika yote hapa mara moja, bei, ubora, mapungufu yake, na lile swali ambalo kila anayeuliza lazima alifikie, kwamba je linasaidia? Siyo kupendeza mezani, hilo linaonekana kwa macho, ila linamsaidia mtu ambaye Dominika ya kwanza ya Majilio anawaka moto halafu wiki ya pili hata Biblia hana hamu ya kuifungua? Mimi nasema ndiyo linasaidia, tena sana, ila sababu yangu ni tofauti na ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Nilinunua Novemba 2022 kwenye duka dogo la vitu vya ibada hapa Dar kwa sh. 35,000. Ndani ya boksi kuna duara la mbao ya mninga, kipenyo kama sentimita 30, limetobolewa matundu manne na kila tundu lina kikombe cha bati cha kushika mshumaa, halafu mishumaa minne, mitatu zambarau na mmoja pinki, na kijitabu chembamba cha sala za kila wiki. Mbao nimpe fundi sifa zake, imepigwa msasa ikalainika kabisa, vanishi mpaka leo haijabanduka na nta imemwagikia hapo mara nyingi tu, unaikwangua na kisu cha kupakia siagi inatoka yote. Haichezi mezani. Ni nzito kiasi kwamba mtoto akigusa haipinduki, na hili kwenye kitu chenye moto ni jambo la kwanza kuangalia kabla hujatoa hela.

Mishumaa ndio udhaifu wa seti hii. Ni ile ya nta ya kawaida ya dukani, parafini, na sisi wa Dar tunajua Desemba ilivyo, ukiiacha karibu na dirisha la jua la jioni inainama yenyewe bila kuwashwa, wa kwetu mmoja ulilala kabisa mpaka ukagusa mbao. Na ule wa pinki ulikuwa umepauka, mbali kidogo unaona mweupe. Vikombe navyo ni vya kina kifupi, mshumaa unayumba, dawa yake ni kudondoshea kwanza matone ya nta ndani ya kikombe halafu unausimamisha kabla haijaganda, unashika vizuri tu. Kuanzia mwaka uliofuata nikaacha kutumia mishumaa ya dukani, nikachukua ya nta ya nyuki kwa wauza asali wanaoleta mzigo kutoka Tabora, inawaka taratibu, haitoi moshi mwingi, ile harufu yake sebule nzima inajua kuna sala. Rangi yake ni ya njano sawa, lakini unafunga utepe wa zambarau kwenye mitatu na utepe wa pinki kwenye mmoja, mambo yanaenda, paroko wetu alipokuja kulibariki hakuona shida yoyote.

Kitu kingine ambacho boksi halikwambii ni kwamba mishumaa haiishi sawa na mwaka na mwaka haulingani. Majilio ya 2022 yalikuwa marefu kuliko yote yanavyoweza kuwa, siku 28, kwa sababu Noeli iliangukia Jumapili, yalianza 27 Novemba. Mwaka uliofuata yakawa mafupi kuliko yote, siku 22, yalianza 3 Desemba na Dominika ya nne ikawa ni 24 Desemba yenyewe, asubuhi unawasha mshumaa wa nne na jioni uko kwenye misa ya mkesha. Kwa hiyo kama mnawasha kila siku kama sisi, mshumaa wa kwanza ndio unaoteseka, nunua mirefu, au nunua wa ziada wa zambarau uuweke kabatini sehemu ya chini kwenye ubaridi.

Na majani. Picha za kwenye mtandao zinaonyesha matawi ya misonobari ya Ulaya na sisi hatuna, watu wengi hapa wanakata mvinje, unapendeza siku mbili tatu halafu unakauka, na mvinje mkavu karibu na mshumaa ni hatari jamani, naomba nilisisitize hili, hatari kabisa. Mimi naweka masale, majani ya ule mmea wa mipakani mwa mashamba Uchagani. Mchaga yeyote akisoma hapa ameshaelewa. Kwetu ukimkosea mtu unamwendea na jani la isale mkononi, na aliyepelekewa isale si rahisi kukataa kusamehe, sasa jani hilo hilo kuzungushiwa taa ya kumngojea Mfalme wa amani, mimi naona limepata mahali pake hasa. Halafu kwa mambo ya kawaida tu, masale yanakaa mabichi wiki nzima na zaidi ukiyapangusa na kitambaa chenye maji.

Sasa nije kwenye swali.

Jirani yetu ni wa KKKT, mzee mmoja mstaafu, alipoliona taji akafurahi akasema hilo ni la kwetu Walutheri, na ni kweli, alianzisha mchungaji Johann Hinrich Wichern mwaka 1839 huko Hamburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki lilikuja kulipokea baadaye sana. Lakini alichoniambia kikaniingia ni kwamba Wichern hakulitengeneza kwa ajili ya familia zenye sebule nzuri. Alikuwa anaendesha kituo cha watoto wa kimaskini, watoto waliotoka kwenye maisha magumu ya mjini, na wale watoto walikuwa wanamsumbua kila siku Noeli lini, Noeli bado? Basi akachukua gurudumu la mkokoteni, akapachika mishumaa, mikubwa myeupe ya Dominika na midogo ya siku za katikati, kila siku unawaka mmoja unaongezeka. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa hiki ni kifaa cha watu ambao kungoja kunawauma. Nilipolijua hilo nikaanza kulitazama taji langu kwa jicho lingine.

Maana ukweli wa Majilio yetu wote tunaujua ila hatuusemi kanisani. Dominika ya kwanza kanisa limejaa, kwaya imejiandaa, padre amevaa zambarau, unatoka pale na maazimio, rozari nzima kila siku, kufunga Ijumaa, kuamka saa kumi na moja kusali, kwenda kitubio mapema bila kusubiri foleni ya mwisho. Kama kuna mafungo Jumamosi ile ndio kabisa, unarudi nyumbani unalia kwa furaha. Halafu inakuja Jumatano. Foleni ya Kimara, mtoto ana homa, bosi anataka ripoti za kufunga mwaka, kikao cha harusi na mchango hujamaliza, unapiga goti hakuna kitu, maneno yanatoka mdomoni ila ndani ni kimya. Hapo wengi wetu tunatafsiri kwamba ule moto wa Jumapili ulikuwa wa uongo. Au kwamba Mungu amekasirika. Tunaacha kidogo kidogo, tunajiambia nitaanza upya Kwaresima.

Mt. Inyasi wa Loyola, yule askari aliyevunjwa mguu na mzinga vitani Pamplona mwaka 1521 akaongoka akiwa kitandani anauguza, aliandika kanuni juu ya jambo hili hili, faraja na ukavu, yaani kipindi moyo unawaka na kipindi ndani ni kimya, na mbili kati ya kanuni zake mimi nimezinakili kwa kalamu kwenye jalada la ndani la kile kijitabu. Ya kwanza inasema wakati wa ukavu usibadilishe uamuzi uliouweka ulipokuwa na faraja, usibadilishe kitu kabisa, simama pale pale. Ya pili ni kwamba ukiwa kwenye faraja, fikiri utakuwaje ukavu utakapokuja, jiwekee nguvu sasa hivi. Hii ya pili ndio haifundishwi vya kutosha kwenye mafungo yetu. Tukiwa juu tunaahidi vitu vya mtu aliye juu. Hatuulizi yule mtu wa Jumatano usiku, amechoka, miguu imevimba kwa kusimama kwenye daladala, yeye ataweza nini?

Taji ndilo jibu langu la swali hilo kwa sababu linataka kidogo sana. Kiberiti, aya moja, Baba Yetu, wimbo kama kuna mwenye sauti, basi. Dakika tano. Mtu wa juu anaweza kuongeza saa nzima akitaka, na mtu wa chini kabisa dakika tano anazo.

Kuna programu za kwenye simu za tafakari za Majilio, nimejaribu, nyingine ni nzuri na sauti zimerekodiwa vizuri, lakini nyingi zinakuhesabia siku ulizosali mfululizo, na ukikosa moja hesabu inarudi sifuri. Kwa mtu aliye vizuri hiyo inampa motisha. Kwa mtu aliye kwenye ukavu ile sifuri inamkata moyo, ndio alikuwa anatafuta sababu ya kuacha na sasa amepewa. Taji halina sifuri. Hapa ndio ninapotaka mnielewe vizuri kwa sababu ndio kiini cha maoni yangu yote. Hata kama wiki ya pili yote hukuwasha, mlisafiri, mliugua, mligombana, imani ilikuwa imepoa, Dominika ya tatu ikifika unawasha mitatu. Siyo mmoja. Siyo uanze nyuma ulipoachia. Mitatu, kwa sababu mishumaa haihesabu sala zako, inahesabu siku zilizobaki Bwana aje, na Yeye anakuja kwa tarehe yake, iwe wewe uko juu au uko chini.

Na tena, mshumaa unapungua kiasi kile kile siku ya moto na siku ya ukavu. Nimekaa nikautazama, hakuna tofauti.

Mwaka ule wa kwanza tulikuwa na sababu ya kujua haya. 2022 mnaikumbuka wa Dar, vuli ilisuasua, maji ya mto Ruvu yakashuka, mgao wa maji ukaanza Oktoba, umeme nao ukaingia mgao, watu na madumu barabarani. Kwetu sisi juu ya hayo baba watoto kazini kwao walipunguza watu mwishoni mwa Novemba na yeye akawemo. Dominika ya kwanza tuliwasha tunaimba, wiki iliyofuata tukawa tumekaa sebuleni gizani, umeme hamna, na mshumaa uliokuwepo mezani ukawa ndio taa ya nyumba. Hakuna aliyekuwa na neno la kumwambia Mungu. Binti yetu mdogo ndio alikuwa ameanza kujua kusoma, akachukua kijitabu akasoma ile aya kwa kuunga silabi, vu-mi-li-e-ni, polepole, kidole kinafuata mstari, na sisi wakubwa tukasema amina. Sala yote ya siku ile ilikuwa hiyo. Baba watoto hakusema kitu ila kesho yake saa moja jioni alikuwa wa kwanza kutafuta kiberiti.

Na masomo ya mwaka ule, ule ni mwaka A kwenye mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, yalikuwa kama yamepangwa kwa ajili ya nyumba yetu. Dominika ya pili unamsikia Yohane Mbatizaji yuko nyikani, Matayo sura ya tatu, anawaka, anawaambia Mafarisayo uzao wa nyoka, shoka limeshawekwa penye mashina ya miti, hana wasiwasi hata chembe. Wiki moja tu baadaye, Dominika ya tatu, Matayo 11, Yohane yule yule yuko gerezani kwa Herode na anatuma wanafunzi wake wakamuulize Yesu, je ni wewe yule ajaye au tumtazamie mwingine? Yaani Kanisa limeweka hizi Injili mbili zifuatane, juu na chini za mtu mmoja, mtakatifu, ndugu yake Bwana, mtu aliyemuonyesha kwa kidole akasema tazama Mwanakondoo wa Mungu. Na angalia Yesu anavyojibu. Hamkaripii. Anawaambia wale wanafunzi nendeni mkamwambie Yohane mnayoyasikia na kuyaona, vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa. Halafu wakishaondoka ndio anamsifu mbele ya umati kwamba kati ya waliozaliwa na wanawake hajatokea aliye mkuu kuliko yeye. Sifa hiyo Yohane anapewa siku aliyouliza swali la mashaka. Nilikuwa nimeisikia Injili hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuiweka pamoja hivyo, ni kuwasha mshumaa wa pili na wa tatu kwenye duara moja ndio kulinifanya nione.

Na somo la pili Dominika hiyo ya tatu ni Yakobo sura ya tano, mkulima anangoja mazao ya nchi, anavumilia mpaka yapate mvua ya kwanza na ya mwisho. Lisomeni hilo katika mji wenye mgao wa maji. Kanisa zima lilikuwa kimya. Padre hakuhitaji kueleza sana.

Hiyo ndio Dominika ya mshumaa wa pinki, Dominika ya Furaha, na watu huniuliza kwa nini pinki. Ni kwamba katikati ya zambarau ya kungoja Kanisa linakupa siku ya kupumua, furahini katika Bwana siku zote, Wafilipi 4, na kumbuka Paulo anaiandika barua hiyo akiwa kwenye vifungo. Furaha inayoongelewa hapo haitegemei umeamkaje. Kwa mtu aliye kwenye ukavu nashauri mshumaa wa pinki awashe yeye mwenyewe kwa mkono wake, asimwachie aliye na furaha. Sisi mwaka ule aliwasha baba watoto.

Nikirudi kwenye kijitabu, hapo ndipo nina malalamiko. Maandishi ni madogo, bibi na babu hawasomi bila miwani na kwa mwanga wa mshumaa hata sisi tunahangaika. Lakini kubwa zaidi ni kwamba sala zake zote zimeandikwa kwa mtu ambaye yuko vizuri. Tunashangilia, tunafurahi, mioyo yetu inaruka, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna hata sala moja ya mtu ambaye moyo wake hauruki. Na Zaburi ziko tele, ya 13 inaanza na hata lini Bwana utanisahau, ya 80 inamwomba Mungu aturudishe na aangazishe uso wake ambayo ni zaburi ya Majilio kabisa, ya 88 inaishia gizani bila mstari wa faraja mwishoni na bado ni Neno la Mungu. Hizi nimeziandika mwenyewe pembeni. Kama aliyekiandaa anasoma hapa, naomba toleo lijalo aongeze ukurasa mmoja tu wa siku ngumu, watu wengi watamshukuru.

Pia angeweka kisa cha Mt. Theresia wa Mtoto Yesu, maana yeye ana juu yake na chini yake na ile ya juu ni ya Noeli yenyewe. Usiku wa Noeli 1886, baada ya misa, alipokea neema iliyomgeuza kutoka mtoto wa kulialia kuwa imara, mwenyewe aliita kuongoka kwake. Karibu miaka kumi baadaye, kuanzia Pasaka 1896, akaingia kwenye giza la imani ambalo halikumtoka mpaka anakufa Septemba 1897 akiwa na miaka 24. Na katikati ya giza hilo hakuacha kuandika mashairi ya mbinguni, na ndiye leo msimamizi wa misioni. Watoto wetu wa kipaimara wangepewa hiki kisa kabla hawajakutana na ukavu wao wa kwanza wangeokoka na mengi.

Upungufu mwingine wa kijitabu, kinaruka tarehe 17 mpaka 23 Desemba. Hizo ndio siku za zile antifona kubwa za Masifu ya Jioni, Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, mpaka Ee Emanueli tarehe 23, Kanisa linazisali kwa karne nyingi na kila moja ni mstari mmoja mzito wa kuomba njoo. Ni fupi, hata mtoto anashika, na ndio siku ambazo tunazihitaji kuliko zote maana wiki ya mwisho ndio fujo tupu, sherehe za ofisi, send-off, kununua nguo za watoto, tiketi za basi. Mwaka ule Dominika ya nne ilikuwa 18 Desemba, siku ya fainali ya Argentina na Ufaransa, mechi inaanza saa kumi na mbili jioni, saa ya sala yetu kabisa ikaenda mpaka penalti. Tuliwasha minne kabla ya mechi, majirani waliokuja kuangalia mpira wakasimama na sisi, mmoja wao Muislamu alikaa kwa heshima mpaka tukamaliza, ikapita vizuri.

Halafu safari. Sisi Noeli ni Kilema, kwa mama, parokia ambayo wamisionari waliianza 1890 na mama anaisema kama vile alikuwepo. Taji linasafiri ndani ya begi likiwa limefungwa kwenye kitenge, mishumaa unaitoa unaifunga peke yake, usiiache kwenye buti la gari kutoka Dar mpaka Moshi kwa sababu utakuta uji. Huko mlimani ni baridi, mishumaa inasimama wima, masale ni ya kukata kwenye mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani, asubuhi hiyo hiyo. Mama alipoliona mara ya kwanza akauliza, "Sasa mwanangu, hii minne mkimaliza ya tano iko wapi?" Ikabidi tutafute mshumaa mweupe wa kuweka katikati usiku wa Noeli, ambao seti haina na ilitakiwa iwe nao. Tangu hapo ule mweupe ananunua yeye.

Wanaouliza kuhusu yale mataji ya taa za betri, kwa aliyelazwa hospitali, kwa mwanafunzi wa hosteli ambako moto hauruhusiwi, chukua bila wasiwasi, sala ni sala. Kwa nyumbani mimi nabaki na wa moto kwa sababu unapungua na watoto wanaona siku zinaenda. Sheria zetu ni mbili, mtu mzima awepo mezani muda wote, na pazia lisiwe karibu.

2025 masomo ya mwaka A yalirudi, Yohane nyikani halafu Yohane gerezani. Binti sasa anasoma bila kuunga silabi. Safari hii aliyekuwa kwenye ukavu ni mimi, sitaeleza sababu, ila nilikuwa sisali kitu zaidi ya zile dakika tano na zile dakika tano nilizisali kwa sababu kiberiti kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine na mimi nilikuwa nimekaa pale. Sikuacha. Kitubio nilikwenda, Noeli nikapokea Ekaristi, na faraja yenyewe ilirudi baada ya Epifania, sikukuu ya Mamajusi, siku ya kawaida tu nikiwa nafua. Nalisema hili kwa ajili ya yule anayesubiri kujisikia vizuri ndipo arudi kusali.

Kwa ujumla natoa nyota nne kwa tano. Mbao nyota tano, wazo nyota tano, mishumaa mbili, kijitabu tatu. Kama bajeti ni ndogo usisubiri seti, fundi seremala yeyote wa mtaani atakutobolea duara, hata sahani ya bati na mishumaa minne ya dukani inatosha kabisa, mpeleke padre akubarikie. Ukinunua seti, fungua boksi pale pale dukani uangalie kama mishumaa imenyooka na matundu hayajapasuka, na uende mapema Novemba, kwa sababu ikifika wiki ya Kristo Mfalme, ile ya mwisho kabla ya Majilio, mishumaa ya pinki inakuwa imeisha na unabaki kuuziwa minne ya zambarau kwa bei ile ile.